Kabla ya kutoa singo, tafuta wenzako watatu

Hebu jibu swali hili kabla hujasoma mbele: ndani ya simu yako una nyimbo ngapi za bendi? Simaanishi msanii na kolabo zake. Namaanisha bendi hasa, watu wanne au watano wanaopiga pamoja, wanaogombana pamoja na wanaochangiana nauli ya kurudi nyumbani. Kama wewe ni wa rika langu, nadhani utahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vitabaki.

Nakuuliza kwa sababu mimi nimo ndani ya bendi, na wiki mbili zilizopita nusura ife.

Ninaishi Maweni, kisiwani Manda. Kama umewahi kuja Lamu kwa ndege, basi kisiwa chetu umeshakikanyaga, maana uwanja wa ndege uko huku kwetu. Unashuka, unaburuta begi hadi gatini, unapanda boti, unavuka mkondo kwenda Lamu au Shela, na hapo ndipo unapotoa simu kuanza kupiga picha. Maweni hatumo katika hizo picha. Sisi ni watu wa timbo. Tunachonga mawe ya kujengea nyumba za wenzetu, na wachongaji wamekuja kutoka pembe nyingi za Kenya, wa Kilifi, wa Kisumu, wa Kakamega, wakakutana hapa na wenyeji wa visiwa.

Bendi yetu ilizaliwa kwa mchanganyiko huo. Mpiga gitaa ni Mjaluo aliyelelewa na kaseti za benga za babake. Mpiga ngoma ni Mgiriama, na ukimpa ndoo ya plastiki na vijiti viwili atakuchezesha. Mwimbaji ni kijana wa Kibajuni mwenye sauti aliyoinoa kwa kasida tangu madrasa. Mimi napiga gitaa la besi. Sikulichagua, ndilo lililobaki.

Tunafanya mazoezi usiku baada ya kazi, vumbi la mawe likiwa bado kichwani. Spika ni moja, na umeme ni wa sola ya jirani, ambaye hutuzimia akitaka kulala. Nyimbo zetu wenyewe ni tatu. Nyingine zote ni za watu.

Sasa sikia kilichotokea. Hoteli moja ng'ambo ya mkondo ilikuwa imetualika Jumamosi mbili, ikatulipa Sh6,000 kwa usiku, yaani Sh1,500 kila mtu. Halafu meneja akamtumia ujumbe mwimbaji wetu peke yake. Njoo wewe tu, alimwambia. Njoo na biti zako kwenye flashi, uimbe siku tatu kwa wiki, kila usiku Sh2,500. Wanne ni wengi, na kila mmoja anataka sahani ya chakula. Nipe jibu kabla ya Ijumaa.

Piga hesabu. Hiyo ni Sh7,500 kwa wiki kwa mtu mmoja, dhidi ya Sh1,500. Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Ngoja, usijibu haraka. Kwanza nikueleze kwa nini naamini kijana wa leo anayetaka muziki, awe Maweni, Kayole au Kinondoni, anafaa kutafuta wenzake watatu kabla ya kutafuta prodyuza.

Siku hizi kutengeneza wimbo ni rahisi kuliko kuosha vyombo. Unapakua programu kwenye simu, unachukua biti ya bure, unaingiza sauti chooni, unapakia mtandaoni. Kufikia jioni wewe ni msanii. Sipingi hilo. Wengine wamefika mbali kwa njia hiyo na ninawapigia makofi. Lakini tazama kinachofuata. Wimbo wa kwanza unasikilizwa na marafiki sitini. Wa pili unasikilizwa na thelathini. Wa tatu hauupakii. Si kwamba huna kipaji. Ni kwamba hakuna mtu anayekungoja mazoezini Alhamisi usiku. Hakuna wa kukwambia huo ubeti wa pili ni mbovu, rudia. Ukikata tamaa unakata tamaa peke yako, tena kimyakimya, na dunia haijui hata kwamba uliwahi kuwepo.

Watu hudhani bendi ni anasa ya wenye vyombo. Mimi naona kinyume. Bendi ni njia ya maskini ya kuvumilia miaka ya mwanzo, ile miaka ambayo pesa haipo na hakuna anayekujua. Na miaka hiyo huwa mingi kuliko unavyodhani.

Chukua Them Mushrooms. Hata kama jina hilo ni la enzi za wazazi wako, "Jambo Bwana" unaijua. Hakuna aliyewahi kukanyaga hoteli ya Pwani asiyeijua. Hawa walikuwa ndugu wa familia ya Harrison. Walianza 1969 kwa jina la Avenida Success, na 1972 wakajiita Them Mushrooms. Reggae ndiyo iliyokuwa kichwani mwao. Lakini mkate wao ulitoka hotelini, wakipigia watalii usiku baada ya usiku. Humo ndimo Teddy Kalanda Harrison alimoona wageni wakifurahia kujifunza maneno mawili matatu ya Kiswahili, akatunga wimbo unaowafundisha kusalimia. Wimbo ukatoka 1982.

Toa 1972 kutoka 1982. Ni miaka kumi. Miaka kumi ya kubeba spika, ya kupiga nyimbo za watu wengine, ya kula baada ya wageni kushiba. Niambie, wewe peke yako ungeweza kukaa miaka kumi hotelini ukisubiri wimbo mmoja? Mimi nisingeweza. Ndugu watano waliweza kwa sababu mmoja akichoka mwingine alikuwa bado ana nguvu. Na wimbo ulipokuja, ulikuta bendi iliyokwisha iva. Ndiyo maana hawakuishia hapo, wakaingia kwenye chakacha na "Embe Dodo", wakagusa benga na taarab, na baadaye wakajiita Uyoga.

Kuna funzo jingine katika kisa hicho, nalo linauma kidogo. Mwaka mmoja tu baada ya "Jambo Bwana" kutoka, kundi la Boney M lilikuwa limerekodi toleo lake Ulaya. Safari Sound Band nao wakaurekodi. Leo ukimuuliza mtalii, au hata kijana wa Nairobi, wimbo ule ni wa nani, anaweza kukutajia yeyote isipokuwa mwenyewe. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Utasema hiyo ni zamani, bro, enzi za santuri. Sawa. Twende karibu.

Sauti Sol walianza 2005. Bien, Chimano na Savara walijuana shuleni Upper Hill, Nairobi, wakiimba katika kundi la injili. Mwanzoni walikuwa wakiimba kwa sauti tupu, bila chombo, halafu Polycarp akaja na gitaa lake. Hebu fikiria: kundi ambalo baadaye lingejaza viwanja halikuwa na chombo hata kimoja siku ya kwanza. Walikuwa na makoo matatu na uvumilivu wa kuyapanga. Walianza kuonekana katika kumbi za Alliance Française, na albamu ya kwanza, Mwanzo, ikatoka 2008 chini ya Penya Africa. Ya pili, Sol Filosofia, ikatoka 2011. Ni 2014 ndipo walipopata tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika. Kutoka 2005 hadi 2014 ni miaka tisa.

Wengi wetu tuliwafahamu karibu na mwaka huo wa tisa, tukadhani wameanguka kutoka mbinguni wakiwa wamevaa suti. Hatukuwaona mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, walipokuwa wanafunzi wa chuo wenye gitaa moja. Hiyo ndiyo miaka ambayo msanii wa peke yake hufunga duka.

Halafu kuna Just A Band, na hawa nataka uwaangalie kwa jicho jingine. Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Muziki wao ulikuwa wa ajabu kwa redio za wakati ule: vinanda vya kompyuta, mizaha, sauti zilizokunjwakunjwa. Nani angewachezea? Wakaamua kufanya wenyewe. Mmoja anachora, mwingine anashika kamera, mwingine yuko kwenye kompyuta ya sauti. Scratch to Reveal ikatoka 2008, na 82 ikafuata 2009. Machi 2010 wakatoa video ya "Ha-He", ndani yake kuna jamaa mbabe anayeitwa Makmende. Jina lenyewe lilikuwa utani wa mtaani wa watoto wa Nairobi, lililotokana na maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu. Kenya nzima iliyokuwa na intaneti ikaanza kutunga vichekesho vya Makmende. Wengi huhesabu hilo kuwa jambo la kwanza la Kenya kuenea mtandaoni namna ile, kabla TikTok haijazaliwa.

Angalia siri yao. Hawakuwa na pesa za kumlipa mtu wa video, lakini ndani ya bendi mlikuwa na watu wa video. Jim Chuchu akaja kuongoza filamu ya Stories of Our Lives mwaka 2014, na Mbithi Masya akaongoza Kati Kati mwaka 2016. Yaani bendi ilikuwa kama chuo kidogo. Kila mmoja alitoka na ujuzi aliojifunza kwa kuwa wenzake walimhitaji.

Na si huku kwetu tu. Kule Sheffield, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, vijana wawili majirani, Alex Turner na Jamie Cook, walipewa magitaa Krismasi ya 2001. Hawakujua kupiga. Mwaka uliofuata wakaunda bendi na marafiki wa mtaani, wakaiita Arctic Monkeys. Mwenzao Matt Helders alichukua ngoma, na amesimulia sababu mwenyewe: vyombo vingine vilikuwa vimeshachukuliwa. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu, nikaliangalia besi langu.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa Juni 2003, katika baa moja ya mji wao. Baadaye wakaanza kurekodi nyimbo kwenye CD na kuzigawa bure baada ya shoo, kwa sababu hazikuwa nyingi na hakukuwa na haja ya kuziuza. Mashabiki wakazipakia mtandaoni wao wenyewe. Watu wakaanza kuja shoo wakiwa tayari wanajua maneno yote. Kufikia Oktoba 2005 singo yao ilishika nambari moja Uingereza, na Januari 2006 albamu yao ya kwanza ikauza nakala zaidi ya 360,000 katika wiki moja.

Kila anayesimulia kisa hicho hutaja intaneti. Mimi nataja zile shoo ndogo. Intaneti ilibeba tu kitu ambacho watu walikuwa wamekiona kwa macho yao na kukigusa. Sisi tumegeuza mambo. Tunaanza na intaneti, tukitumaini siku moja itatuletea watu.

Lakini wewe si mjinga, na najua una la kusema. Utaniambia: njaa haina bendi. Mwimbaji wenu akichukua zile Sh7,500, nani atamlaumu? Ana wadogo wanaosoma. Ana mama. Mpiga gitaa wako mwenyewe ana mtoto wa miaka miwili, na timbo halilipi. Wewe unaandika hapa mambo ya mshikamano, je, mshikamano huo unanunua unga?

Ni swali la haki, na nimelala nalo usiku mwingi. Manda inajua habari ya watu kuondoka. Upande wa pili wa kisiwa kuna Takwa, mji wa Waswahili waliojenga msikiti wenye kibla kizuri na nyumba za mawe, kisha katika karne ya 17 wakauacha. Wakazi wa Shela huhesabu asili yao huko, na hurudi kuzuru na kuomba dua. Hakuna anayewaita wasaliti. Watu huondoka mahali kunapokuwa hakukaliki. Kwa hiyo sitakwambia kwamba anayeacha bendi ni msaliti. Bendi isiyomlisha mtu haina haki ya kumfunga kamba mguuni.

Ninachosema ni kwamba tumeuliza swali vibaya. Tumeuliza: peke yako au pamoja? Swali lenyewe ni: mmekubaliana nini?

Sauti Sol wamelijibu swali hilo vizuri. Mwaka 2021 walianzisha mpango walioupa jina la Alone Together, kila mmoja akatoa kazi yake binafsi huku bendi ikiwa bado hai. Na 2023, walipotangaza kwamba wanapumzika kwa muda usiojulikana, walitangaza pamoja, wakaaga mashabiki kwa maonyesho. Hakukuwa na mtu aliyekimbia na mikrofoni usiku. Walikuwa wamezungumza.

Hata hapa kwetu Lamu, mtu mkubwa hakuwa mmoja. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Mombasa na kufariki 2016, ndiye aliyekuwa fundi wa udi wa Pwani nzima. Lakini mashairi mengi aliyoimba aliandikiwa na Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi wa huku huku kwetu, na kundi lililompigia likaitwa Zein Musical Party. Mmoja analeta neno, mwingine analeta nyuzi, wengine wanaleta ngoma. Nenda kwenye arusi yoyote ya Lamu uangalie kirumbizi: zumari bila ngoma ni kelele, ngoma bila zumari ni mazoezi. Wazee wetu walijua hilo bila kusoma popote.

Basi, kwa wewe unayefikiria kuanza, haya ndiyo ninayokushauri. Nimeyajifunza kwa kuchelewa, usichelewe kama mimi.

Kwanza, tafuta watu kabla ya vyombo. Usitafute walio hodari, tafuta wanaofika. Mpiga gitaa mzuri anayekuja mazoezi moja kati ya tatu atawaua polepole. Yule wa wastani anayefika kila Alhamisi, mvua au jua, baada ya mwaka atakuwa hodari naye.

Pili, chukua chombo kilichobaki. Kila mtu anataka kuimba. Bendi nyingi za mtaani hufa siku ya kwanza kwa sababu zina waimbaji wanne na hakuna wa besi. Besi haionekani, lakini ikikosekana kila mtu anahisi kuna kitu kimepungua. Kuna heshima katika hilo, niamini.

Tatu, andikeni. Hapa ndipo narudi kwa "Jambo Bwana". Wimbo ukitungwa na watu wanne, andikeni majina manne siku hiyo hiyo, na kila mmoja ana fungu gani. Tumieni hata daftari la shule, mtie sahihi, mpige picha, kila mtu abaki nayo kwenye simu. Mkiweza, sajilini kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Mkisubiri wimbo uwe maarufu ndipo mwandikiane, mtaandikiana kupitia mawakili. Andikeni pia jina la bendi ni la nani na mtu akitoka anaondoka na nini. Maneno hayo ni magumu kusema mkiwa marafiki, lakini ni magumu zaidi mkiwa maadui.

Nne, muwe na shoo yenu isiyotegemea meneja wa mtu. Iwe ndogo, iwe ya bure, iwe chini ya mti, lakini iwe siku ile ile kila wiki. Watu hawafuati bendi wasiyojua wataipata wapi. Hiyo baa ya Sheffield haikuwa na ukubwa wowote.

Na wewe ambaye huna mpango wa kupiga chochote, usidhani nimekusahau. Unapolipa Sh1,000 kuingia mahali ambapo mtu anaimba juu ya flashi, halafu unanung'unika kwamba muziki wa Kenya umekufa, jua kwamba wewe pia ni meneja. Wewe ndiye unayeamua wanne ni wengi. Siku ukiona bendi ya vijana imejipanga kwenye kona ya hoteli, nyaya zimefungwa kwa selotepu, usiendelee kuongea juu ya sauti zao. Nyamaza nyimbo mbili. Wape makofi. Waulize jina lao, ulikumbuke.

Sasa turudi kwa mwimbaji wetu na ile Ijumaa.

Alhamisi usiku tulikutana kama kawaida, lakini hakuna aliyewasha spika. Yeye ndiye aliyetuonyesha ule ujumbe. Angeweza kuuficha, na sitausahau usiku huo kwa sababu hakuuficha. Mpiga ngoma alikasirika, akasema kama ni hivyo kila mtu arudi kwa timbo lake. Mpiga gitaa alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema jambo moja tu: "Mimi ningechukua." Kusikia hivyo, hasira zikatulia. Tulijua anasema kweli, na tulijua sote tungechukua.

Mzee mmoja jirani, Mbajuni wa makamo ya babu yangu aliyesafiri kwa majahazi ujanani, alikuwa amekaa barazani akitusikiliza. Akatuuliza, "Wanangu, chomboni nahodha akishuka pwani kutafuta kazi ya siku mbili, chombo huuzwa?" Hakungoja jibu. Akaingia ndani akalala, na akatuzimia sola, maana yeye ndiye mwenyewe.

Tukaandika kwa tochi ya simu. Mwimbaji atachukua kazi ile. Kila usiku atakaolipwa Sh2,500, Sh500 zitaingia mfuko wa bendi kwa ajili ya spika ya pili. Nyimbo za watu ataimba juu ya flashi apendavyo. Zile nyimbo zetu tatu hataziimba peke yake, kwa hoteli hiyo wala nyingine yoyote, hata akiombwa na kuongezwa pesa. Hizo zinahitaji watu wanne. Na Jumamosi ni ya Maweni, bila malipo, saa mbili usiku, mtu asiwe na kazi nyingine.

Kila mmoja akatia sahihi. Yangu imepinda, nilikuwa nimeshika daftari juu ya goti.

Sijui kama itadumu. Huenda kabla ya mwaka kuisha mwimbaji wetu atakuwa Mombasa na sisi tutakuwa tunatafuta koo jingine. Arctic Monkeys wenyewe walibadilisha mpiga besi mwaka ule ule wa 2006 albamu yao ilipotikisa Uingereza, na bendi ikaendelea. Hilo la mpiga besi, kusema kweli, silipendi kulifikiria sana.

Lakini Jumamosi iliyopita tulipiga. Walikuja watu kama arobaini, wengi watoto. Mama mmoja muuza mahamri alijua maneno ya wimbo wetu wa pili, na hatujawahi kuurekodi popote. Aliyajua kwa kutusikia tukikosea kila Alhamisi.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo jioni, kabla hujafungua ile programu ya biti, tuma ujumbe kwa watu watatu. Usiwaambie tuanzishe bendi, watacheka. Waambie tu: Alhamisi, saa mbili, kwetu. Na siku ukishuka kwa ndege Manda ikiwa ni Jumamosi, usikimbilie boti. Uliza njia ya Maweni.